Tukutane wapi? Jumamosi yetu ya mvinyo hapa Vienna

Habari za jioni, ndugu zangu! Nyinyi wa Dodoma mmeniuliza sana: mkitaka kukaa na marafiki mnywe mvinyo, huko mnaendaga wapi? Leo nipo hapohapo, kwa mkulima anayeuza mvinyo wake mwenyewe. Ngoja nigeuze kamera. Mnaliona hilo tawi la msonobari juu ya lango? Likiwa limening'inizwa hivyo, mvinyo upo, ingia. Likishushwa, wamefunga, maana wengi hufungua vipindi fulani tu vya mwaka. Kwa hiyo ulizia kwanza kabla hujawatoa watu majumbani kwao.

Hapa ni Stammersdorf, tramu namba 31 inaishia huku. Bado tuko ndani ya jiji la Vienna, lakini tazameni mlima wote ule ni mizabibu!

Zamani tulikuwa tunakutana kwangu. Tuko kumi, chumba kidogo, na sisi tunavyocheka mnatujua. Ikifika saa nne usiku jirani anagonga, na ana haki yake, ni muda wa kulala. Tukahamia baa moja katikati ya mji. Glasi ikiisha tu, mhudumu kakusimamia, uagize nyingine au upishe. Watu wakaanza kutoa udhuru, mmoja mmoja.

Huku wanapaita Heuriger, na mvinyo mpya wenyewe wanauita hivyohivyo. Mwaka 1784 Kaizari Joseph II aliwaruhusu wakulima wauze mvinyo wao wenyewe pamoja na chakula, na mpaka leo unakunywa kwa aliyelima. Unaagiza robo lita, inaletwa kwenye glasi nene yenye mkono kama kikombe, ukitaka unachanganya na maji ya soda. Chakula unakifuata mwenyewe kaunta. Ukikaa na robo yako tangu saa kumi mpaka giza liingie, hakuna wa kukuuliza.

Ninaoupenda mimi ni Gemischter Satz. Zabibu nyeupe za aina tatu au zaidi zinapandwa shamba moja, zinachumwa na kukamuliwa pamoja. Hawachanganyi baadaye kwenye pipa, zinakua pamoja tangu shambani.

Sasa sikilizeni, hili ndilo kubwa kwangu. Dada yetu mmoja wa Tanga hagusi pombe, na kule baa alikuwa anakaa na soda yake pembeni kama aliyekuja kumsubiri mtu. Nikasema hapana, mahali ambapo asiyekunywa anajiona mgeni, hapatufai. Hapa analetewa maji ya zabibu za shamba hilihili, kwenye glasi kama yangu. Ila kaunta uwe macho, kitimoto ni kingi mno. Yeye anachukua mkate na Liptauer, jibini laini ya rangi ya chungwa yenye paprika. Mwanzoni aliionja kwa ncha ya kisu. Siku hizi anamaliza kibakuli, anarudi kuongeza.

Na gari tunaacha nyumbani, jamani. Wote tramu, kwenda na kurudi.

Eh, haooo, nawaona wanapandisha! Dada wa Tanga kabeba hotpoti. Nilimwomba mwenye Heuriger hii mapema kama tunaweza kuja na vitumbua, akasema leteni, ila na yeye aonje.