Kwa nini siwaambii nyumbani kwamba naumwa

Haya jamani, karibuni tena. Mmeniuliza mpaka basi: "Dada, mbona ukipiga simu nyumbani husemi kama unaumwa?" Mwingine kaongeza, "Si unatibiwa bure huko Uingereza, unalalamika nini?" Naanza na huyo wa bure, maana kanichoma.

Siyo bure. Mtu mzima mwenye visa ya mwenzi kama mimi analipa ada ya afya paundi 1,035 kwa mwaka, tangu Februari 2024, na hawakusubiri ulipe kidogo kidogo. Ukiongeza visa ya miaka miwili na nusu unatoa 2,587.50 kwa mkupuo, ada ya visa yenyewe mbali, na kwenye mshahara kodi wanakata vilevile. Dawa hapa England ni 9.90 kila aina. Wenzetu wa Scotland na Wales hawalipi. Sijisifu kwamba ninazo, wala silii njaa. Mmeuliza, nimetaja bei.

Mgongo wangu umeharibiwa na kazi, kuinua wazee usiku kucha. Kliniki moja watu wa mapokezi walikataa kuniandikisha eti sina bili yenye jina langu. Bili zote zina jina la mume! Na utaratibu wenyewe hautaki uthibitisho wa anwani, kwa hiyo ukiambiwa hivyo usiondoke kimya kama mimi nilivyoondoka. Kupelekwa kwa mtaalamu nako, lengo lao ni wiki 18. Nilisubiri weee.

Basi katikati ya hayo nikampigia shangazi: "Shikamoo shangazi, mgongo unaniua." Hata pole sikupata. "Mgongo? Afadhali wewe! Mimi presha imefika 190, miguu inawaka moto, usiku silali." Tukamaliza simu mimi ndiye ninayetoa pole, na hela ya vipimo nikatuma.

Msije mkasema namsema shangazi. Yeye namwelewa. Mtu wa Ulaya akisema anaumwa, nyumbani wanasikia kwamba mwezi huu hakuna kitu, sasa yeye afanyeje kama ugonjwa wake hautaupita wangu? Na presha ya 190 si mchezo, vipimo alivihitaji kweli.

Wanaonikera ni hawa wa huku huku, wasiotaka hata senti yangu. Kuna sherehe tulikuwa nayo Leicester, dada mmoja anasimulia alivyotolewa uvimbe kwenye kizazi, bado anatembea kajishika tumbo. Mwenzake akamkatiza: "Wako ulikuwa mkubwa kiasi gani? Wangu daktari alisema kama papai." Papai! Basi kila mtu akatoa oparesheni yake, mwanamume mmoja akaleta jino, na mwenye uvimbe hakumaliza hadithi. Mnashindania nini? Hakuna kikombe.

Kwa hiyo mimi ugonjwa wangu namwambia mdogo wangu wa kike peke yake, maana yeye huuliza kwanza, "Unaumwa wapi hasa?" Huo ni uamuzi wangu na familia yangu, yako unaijua wewe. Usiende kumnyamazia mama yako halafu useme dada wa YouTube kakutuma.

Na mlioandika kuhusu visa kukataliwa: ada ya afya hurudishwa kwenye kadi uliyolipia. Ya maombi ndiyo hairudi, hiyo isahau.