Nimepata chuo cha sheria Marekani: F zangu tatu na kifaa cha kusikia cha bibi

Hamjambo wapendwa, habari za huko? Samahani kwa mwonekano. Niko kwenye gari, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, kioo cha mbele kimeganda barafu na hita ndiyo kwanza inaamka. Nimeona nitumie hizi dakika, maana nikifika nyumbani nalala mpaka jioni, halafu mtaanza tena kwenye maoni: "Dada, ile habari ya kusomea sheria imeishia wapi? Umetuacha hewani."

Haya, nimepata. Niliomba vyuo sita. Viwili vimenikataa, kimoja kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, viwili vimenipokea, na kimoja mpaka leo kimetulia tuli kama maji mtungini. Vigelegele vihifadhini kwanza, kuna mambo ya pesa nitayasema mbele huko.

Niwajibu kwanza wenye LLB, shahada ya kwanza ya sheria, ya nyumbani, maana ninyi ndio wengi kwenye meseji. Ukiwa tayari umesomea sheria, njia yenu ya kawaida ni LLM, shahada ya uzamili ya sheria, mwaka mmoja, halafu unaangalia jimbo gani linaruhusu mwanasheria wa nje kufanya mtihani wa uwakili. New York na California ndiyo yanayokimbiliwa. Mimi nazungumzia JD, shahada ya sheria ya huku inayokupeleka kwenye uwakili, ya miaka mitatu. Nyumbani mtu anamaliza kidato cha sita anaingia sheria moja kwa moja, halafu anaenda Law School of Tanzania ndipo awe wakili. Huku lazima uwe na shahada ya kwanza kabla, na hawajali ni ya nini. Yangu ni ya afya ya jamii. Kuna kijana tulikuwa tunajisomea naye, yeye kasomea muziki.

Na kabla hujamtumia mtu hata senti, uliza kama chuo kina idhini ya ABA, chama cha mawakili cha Marekani. Vipo karibu 200 vyenye idhini hiyo. Bila hiyo, majimbo mengi hayakuruhusu hata kukaa kwenye mtihani wa uwakili. Tangazo liwe zuri namna gani, anza na swali hilo.

Sasa LSAT. Huu ndio mtihani wenyewe wa kuombea chuo cha sheria, alama zinaanzia 120 mpaka 180. Hauulizi sheria hata moja. Sehemu nne, kila moja dakika 35: tatu zinahesabiwa, moja haihesabiwi, na hawakwambii ni ipi, kwa hiyo unatoka jasho kotekote. Kwenye zile tatu, mbili ni za kupima hoja na moja ni ya kusoma na kuelewa. Zamani kulikuwa na mafumbo ya kupanga watu kwenye viti, yameondolewa tangu mtihani wa Agosti 2024. Ukirithi vitabu vya mtu vya zamani, hizo sura ziruke. Na kosa halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama unabahatisha.

Mara ya kwanza nilipata 151. Nililia kwenye hilihili gari. Niliyokuwa nimefanya ni kukariri. Tumelelewa hivyo shuleni, mwalimu anaandika ubaoni, wewe unameza. Hoja huwezi kuimeza.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja kazini, na wala hajui kama alinifundisha. Mnajua ninafanya kazi nyumba ya kulea wazee. Asubuhi moja kifaa chake cha kusikia hakionekani. Vile vidude ni vidogo kama punje ya korosho na vina bei ya kutisha. Msimamizi wa asubuhi akaniita pembeni. Akasema: aliyekichukua lazima aliingia chumbani. Wewe uliingia chumbani. Basi hapo akanyamaza, ananiangalia, nimalizie mwenyewe.

Jamani, moyo ulinienda mbio. Lakini nilikuwa nimetoka kufanya maswali ya mazoezi usiku uleule, wakati wa mapumziko, na akili ikaniambia: hili ni swali la 14! Kila mwizi aliingia chumbani, sawa. Haina maana kila aliyeingia ni mwizi. Kaingia mpishi na chai, kaingia muuguzi na dawa, kaingia binti yake. Anayenituhumu kaigeuza sentensi kichwa chini miguu juu, akadhani bado ni ileile. LSAT imejaa hiyo mbinu. Wanabadilisha nguo tu: leo ni madaktari, kesho ni samaki wa ziwani, keshokutwa ni meya wa mji.

Sikumjibu kwa kelele. Nilifungua ripoti yangu ya zamu. Nilikuwa nimeandika: saa 3:40 usiku nimemvua kifaa cha kushoto, nimekiweka kwenye kiboksi chake mezani. Saa 9:15 usiku ameamka, nimempeleka msalani, kiboksi kiko wazi, hakina kitu. Nimetafuta kitandani na chini ya kitanda. Nimemjulisha muuguzi wa zamu. Basi. Hakuna "nadhani", hakuna "huyu bibi anapenda kupoteza vitu". Mchana kikapatikana ndani ya mfuko wa sweta lake, kimefungwa kwenye tishu. Mwenyewe alikificha kisipotee.

Kuomba radhi sikuombwa, lakini tuendelee.

Kuanzia siku ile nikawa nasoma kila swali kama ripoti ya zamu: nini kimeonekana, na nini mtu kakiongeza kutoka kichwani mwake. Mara ya pili nikapata 160. Sio alama ya Harvard, najua, msinianzie. Mnaruhusiwa kuufanya mara tano ndani ya miaka mitano, na mara saba maisha yote, kwa hiyo usiende kujaribu tu uone ulivyo.

Sasa tuje kwenye aibu yangu. Maombi yote yanapita kwa shirika linaitwa LSAC, wao ndio wenye mtihani. Unafungua akaunti, kila chuo ulichowahi kusoma kinawatumia transkripti, yaani karatasi ya matokeo yako, chenyewe, wanaokupendekeza wanatuma barua zao hukohuko, halafu LSAC wanafunga kifurushi na kukituma kila chuo unachoomba. Wenye shahada za nyumbani, hamtahesabiwa wastani kwa namba kama sisi tuliosoma huku. Mnapewa maelezo kama wastani, juu ya wastani, na kadhalika. Anzeni mapema mno, kwa sababu transkripti lazima itoke chuoni kwenyewe, na ofisi za usajili tunazijua.

Mimi kwenye shahada yangu nilikuwa na wastani wa 3.7 kati ya 4. Nikatembea nayo kifua mbele. LSAC wakanirudishia 3.44. Nikafikiri wamekosea. Hawakukosea. Wanahesabu kila alama ya chuo uliyowahi kupata kabla ya shahada ya kwanza, popote pale. Na mimi 2016, miezi michache tangu nifike, nilijiandikisha masomo matatu kwenye chuo cha jamii, vile vya miaka miwili, nikaongezewa zamu za boksi, nikaacha tu kwenda. Sikujiondoa rasmi. Nikajua nimeacha, wao wakaandika F, F, F. Chuo kikuu nilichohamia hakikuzileta kwenye wastani wake, nikasahau kama zipo.

Watu wawili wa huku, watu wazima wenye heshima zao, walinishauri nisikitaje kile chuo. Eti nani atajua. Msifanye hivyo, nawaomba. Fomu inauliza vyuo vyote, inauliza kama umewahi kuadhibiwa shuleni au kukamatwa na polisi, vyuo vingine vinauliza mpaka faini za barabarani. Baada ya miaka mitatu, ukitaka uwakili, jimbo linakuchunguza tabia upya na linaweza kuomba fomu zako za chuo lilinganishe. F tatu hazikuzuii kuwa wakili. Kuzificha ndiko kunakoweza kukuzuia.

Unaruhusiwa kuambatanisha maelezo mafupi. Yangu ya kwanza yalikuwa ukurasa mzima: baridi, upweke, kodi ya nyumba, mgeni nchi ya watu. Nikasoma, nikasikia ninavyolalamika. Nikafuta, nikaandika kama ninavyoandika kazini. Muhula wa vuli wa 2016 nilijiandikisha masomo matatu. Wiki ya tano niliongezewa zamu, nikaacha kuhudhuria bila kujiondoa rasmi, nikapata F zote tatu. Nilirudi masomoni 2018, na tangu hapo sijapata chini ya B. Sentensi tatu.

Insha binafsi nayo, kurasa mbili. Nilianza na "tangu utotoni nimechukia dhuluma". Profesa aliyeniandikia barua akaweka duara pale, pembeni akaandika: lini? nani? ulifanya nini? Sikuwa na jibu hata moja. Utotoni nilikuwa nachukia kuosha vyombo. Nikaandika habari ya kifaa cha bibi.

Pesa sasa, haraka, maana gari limepata joto. Kujisajili mtihani ni zaidi ya dola 200, huduma ya kukusanya nyaraka nayo zaidi ya 200, halafu kila chuo unachotuma unalipia kifurushi, na vingi vina ada yao. Kuna msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo. Ombeni kabla hamjalipa. Kuhusu mkopo wa serikali: ukiwa na viza ya mwanafunzi, haupo kwako. Mimi nina kadi ya kijani, ya ukaazi wa kudumu, naruhusiwa, ila sheria ya 2025 imefuta ule mkopo uliokuwa unafidia gharama zote. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, mwisho ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mimi naanza Agosti. Hesabu zimenikamata palepale mlangoni.

Ndiyo maana sijachagua kati ya vile viwili. Kimoja kimenipa ufadhili mkubwa, lakini nikishuka chini ya wastani fulani wanauchukua. Na mwaka wa kwanza alama zinagawiwa kwa kulinganishwa na wenzako, wote wakali, lazima wengine wawe chini. Kingine kimenipa mdogo, hauna masharti. Kila chuo kinalazimika kuchapisha ripoti wanaiita 509, na mle kuna mstari unaoonyesha wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa ufadhili. Huo mstari niliusoma mara tatu. Nimewaandikia wale wa mdogo, kwa adabu, nikawaambia wenzao wamenipa ngapi, kama wanaweza kuongeza. Inaruhusiwa, huku watu wanapatana bei mpaka chuo. Nasubiri jibu, na nina mpaka mwisho wa mwezi kulipa pesa ya kushikia nafasi.

Haya, upande wa dereva umeyeyuka, ule mwingine nitaukwangua. Wenye maswali ya LLM niachieni hapo chini, nitatafuta mtu aliyeipitia tuongee naye. Mama, ukiiona hii, nimekula, na tafadhali baba mdogo usimwambie kwanza habari za mkopo.