Jiolojia Husomwa kwa Miguu Pia

Habari za asubuhi. Ninyi mnaoanza shahada ya jiolojia, wengi mmeniuliza jambo moja: mbona mwaka wa kwanza umejaa hesabu, fizikia na kemia, miamba yenyewe iko wapi? Inakuja. Lakini muundo wa madini ni kemia, na mawimbi ya tetemeko ni fizikia. Asiyeyajua hayo atabaki kukariri majina ya mawe.

Baada ya msingi huo ndipo mtasoma madini, miamba ya moto, miamba mashapo na miamba geu, kisha mikunjo na mipasuko. Maabara mtatazama kwa hadubini kipande cha mwamba kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03, jiwe linapoanza kupitisha mwanga. Kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, kwatzi, madini ya kawaida sana miambani, ya unene huo huwa ya kijivu. Ukiiona ya manjano, kipande bado ni kinene. Kaeni na hadubini hata saa za ziada, maana jicho halifundishiki kwa maelezo.

Sasa uwandani, na hapa nina neno. Vyuo vingi hudai safari fupi pamoja na kozi, halafu kambi ya wiki kadhaa ambapo kila mwanafunzi huchora ramani ya eneo alilopewa. Nawasihi msiyaone kuwa matembezi. James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, alikuwa tayari na hoja yake kwamba dunia ina umri mrefu mno. Mwaka 1788 alipofika kwa mashua Siccar Point, Uskoti, aliwaonyesha wenzake tabaka za mawe mekundu ya mchanga zimelala juu ya nyingine zilizosimama karibu wima. Zile za chini zilikuwa zimewekwa, zikainuliwa na kumomonyoka kabla za juu kulala, kazi ya muda mrefu mno. Hoja ikapata mahali pa kuwekwa kidole.

Nanyi mtaweka vidole. Mwamba wa chokaa ukiudondoshea asidi hidrokloriki hafifu, unatoka povu papo hapo. Dolomaiti, mwamba unaofanana na chokaa, inaweza kukaa kimya. Ikwangue kwa kisu, dondosha asidi juu ya ule unga, tazama kwa lenzi: viputo vidogo vitaanza kupanda. Na mnapopima kwa dira mwinamo wa tabaka, yaani jinsi lilivyoinama, wekeni nyundo mbali. Nimeona mwanafunzi akipima asubuhi nzima, nyundo imelala kando ya dira, chuma kikivuta sindano. Vipimo vyote vikarudiwa.

Daftari liandikwe palepale kwenye mwamba, kwa penseli, kwa sababu mvua hufuta wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, usifute. Huenda kosa la asubuhi likawa ndilo lililokuwa sahihi. Jioni, kambini, ndipo ramani hupitishiwa wino: mpaka wa miamba ulioufikia na kuuona, mstari mzima, uliokisia kwa sababu udongo umeufunika, mstari wa vipande vipande.