Chenso Ndogo, Nguvu Zaidi: Mhadhara kwa Mafundi na Wakataji wa Mafinga

Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa karakana, na nyinyi mliotoka moja kwa moja msituni mkiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuiongezea nguvu chenso ndogo, yaani msumeno wa mnyororo wa injini. Nitashika injini moja tu, ya Stihl MS 180, maana wengi wenu mmeshaifungua na kuifunga. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 38, na pistoni inapanda na kushuka milimita 28. Pigeni hesabu: sentimita za ujazo 31.8. Kikombe cha kahawa cha barazani kinabeba zaidi ya hapo. Kwa hiyo tukubaliane mapema kwamba hatutaigeuza hii kuwa chenso ya kuangusha mkaratusi mnene. Tunatafuta kile ambacho kiwanda kilikibana kwa sababu zake, kelele na moshi zikiwa za kwanza.

Mteja akikuletea chenso akisema haina nguvu, usikimbilie bisibisi. Angalia mnyororo. Ukiona gogo linatoa unga badala ya vipande, injini haina kosa. Mnyororo wa kawaida wa chenso hii unanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4, kwa pembe ya digrii 30, na kile kidomo kilichotangulia jino kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Wengi wananoa jino mwaka mzima bila kugusa kidomo. Jino linazidi kuwa fupi, kidomo kimebaki juu, mnyororo unateleza juu ya mti, na mkataji anaegemea chenso kwa uzito wake wote. Hapo injini inachoka, klachi inaungua, kisha lawama inapelekwa kwenye kabureta. Noa vizuri, safisha kichujio cha hewa, halafu ndipo tuzungumze habari ya injini.

Sasa tuseme mnyororo ni mkali na bado mwenye chenso anataka zaidi. Kumbukeni tuko wapi. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Chenso iliyosetiwa pwani ikipanda huku inapata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi, nguvu inashuka. Ukiibana kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya mzunguko wa juu, inachangamka mara moja, na mteja anadhani umefanya miujiza. Lakini chenso hiyohiyo ukiishusha Kilombero kukata misaji bila kuirudisha skrubu, hewa nzito ya kule itakutana na petroli kidogo. Mchanganyiko mkavu huo unapandisha joto, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, ulainishaji nao unapungua. Pistoni inashika silinda upande wa eksozi, ambako joto ni kali zaidi. Mkiiona pistoni yenye mikwaruzo upande huo tu, ulizeni kwanza habari ya petroli kabla ya kumlaumu muuza spea.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kila unachokifanya ili hewa ipite kwa urahisi, lazima petroli iifuate. Fundi anayetoboa sailensa na kumrudishia mteja chenso bila kugusa kabureta amemuuzia pistoni mpya, ila mteja bado hajajua.

Sailensa ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Ifungue, uangalie ndani. Moshi unatoka silinda kwa mlango mpana, kisha unabanwa kwenye kitundu kidogo. Pistoni inaporudi juu, moshi wa zamani bado umo ndani na umechukua nafasi ya mchanganyiko mpya. Ongeza tundu la kutokea, lakini kwa kipimo: wengi wetu hatuzidishi eneo la matundu yote zaidi ya asilimia 80 ya eneo la mlango wa eksozi. Ukizidisha hapo unaongeza kelele tu. Angalia pia moshi unaelekea wapi, maana bodi ya chenso hii ni plastiki na huyeyuka.

Kuna jambo moja hapa ambalo sina mzaha nalo. Ule wavu mdogo wa kuzuia cheche utaukuta umeziba kwa masizi, na mkono utakushawishi uutupe. Usiutupe. Utoe, uuchome mpaka masizi yawe jivu, uupige brashi, uurudishe. Sisi tunafanya kazi ndani ya misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, na mwezi wa Septemba chini yake kuna zulia la majani makavu yenye utomvu. Hakuna nguvu ya farasi inayofaa kubadilishwa na shamba zima.

Tukirudi kwenye petroli, kuna mtego. Chenso nyingi za toleo hili la karibuni zina kabureta yenye skrubu moja tu, ya kuweka mwendo wa injini ikiwa imetulia bila kukata. H, na L inayopima petroli ya mzunguko wa chini, hazipo, kwa sababu ya sheria za moshi za Ulaya na Marekani. Ukiwa na kabureta hiyo, sailensa usiiguse mpaka upate ile yenye skrubu tatu inayoingia mahali palepale. Ukishaifunga, anza na H ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja, ipashe injini joto, kisha vuta mafuta yote bila kukata kitu. Sikiliza. Unatakiwa usikie sauti inayokwamakwama kidogo, brrr-brrr. Hiyo ni petroli ya ziada. Sasa ingiza chenso kwenye gogo: sauti inatakiwa inyooke na kuwa safi. Ukiitoa kwenye gogo, ile brrr irudi. Kama hewani inalia kwa sauti nyembamba, safi, kali, ambayo vijana wanaipenda sana, umeshabana kupita kiasi. Angalizo: baadhi ya chenso zina koili (kifaa kinachopeleka moto kwenye plagi) inayozuia mzunguko usipite kiwango fulani, na koili hiyo inatoa sauti inayofanana na ya petroli nyingi. Masikio peke yake yatakudanganya hapo. Tumia kipima mzunguko.

Na ukibadilisha kiasi cha oili, seti upya. Kwa oili nzuri ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, mililita 20 kwa lita zinatosha. Wapo wanaomimina maradufu wakidhani wanailinda injini, kumbe oili imechukua nafasi ya petroli na mchanganyiko umekuwa mkavu zaidi.

Milango ya silinda, yaani matundu ya ukutani mwake yanayopitisha mchanganyiko na moshi, nitaigusa kwa tahadhari. Ukiinua mlango wa eksozi kwa nusu milimita kwenye injini hii, unafunguka mapema kwa kama digrii 2 za mzunguko wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ni kidogo kwa macho, lakini tabia ya injini inabadilika: inapenda mzunguko wa juu na inakosa msukumo wa chini. Kwa mkataji anayeshinda kutwa akipunguza matawi, mimi siinui. Napanua tu pembeni, na sivuki asilimia 65 ya kipenyo cha silinda, yaani milimita 24 na ushee, la sivyo ringi itachungulia mlangoni na kukatika. Kingo zote zilainishwe, kwa sababu ukuta wa silinda una ngozi ngumu nyembamba, na ikianza kumenyuka hakuna kuchonga saizi ya juu kama kwenye pikipiki.

Wanaouliza habari ya kuondoa gasketi ili kuongeza mgandamizo: hapa hakuna gasketi ya kuondoa. Silinda na sahani ya chini zinafungwa kwa silikoni, bearing za krenki zikiwa katikati. Ukifungua, safisha kabisa, paka silikoni nyembamba inayovumilia petroli, kisha pima kama inavuja. Hewa ikipenya hapo ni ukavu uleule niliousema. Kuhusu kusogeza moto wa plagi, faida yake kwa injini ndogo namna hii ni haba, nauruka.

Mwisho ni kupima, na msipime kwa kusikiliza makelele. Tuna gogo la msonobari pale nje, limenyooka, unene wake mmoja. Tutakata vipande vitatu kwa chenso kama ilivyotoka kiwandani, saa ikiwa mkononi, halafu tubadilishe sailensa na kabureta, tukate vitatu tena kwa mnyororo uleule ulionolewa upya. Vaeni miwani na vizuia masikio, mmoja wenu ashike saa, twendeni.