Ratiba ya vipindi haionekani kwenye king'amuzi? Usikimbilie kuriseti

Mambo vipi wadau, karibuni tena kibandani kwangu, Mwanjelwa. Nimevaa koti, msicheke, huu ni mwezi wa saba na hapa ni Mbeya. King'amuzi hiki ni cha mama mmoja wa Uyole. Ukibonyeza EPG, kitufe cha ratiba ya vipindi kwenye rimoti, mistari yote inaandika "hakuna taarifa". Alishataka kununua kingine. Mimi navyo ninavyo vya kuuza, lakini mama, hiki ni kizima!

Mambo ya kuchomeka waya na kuwasha mnayajua, naruka.

Ratiba haitoki intaneti, bando lako halihusiani nayo kabisa. Inashuka kwenye dishi pamoja na picha, kutoka satelaiti iliyoko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Inatumwa vipande vipande, inarudiwa na kurudiwa kama konda anavyoita "Uyole, Uyole, Uyole". King'amuzi kinaokota kimoja kimoja, kinapanga. Kipindi cha sasa na kinachofuata hurudiwa kila baada ya sekunde chache, ndiyo maana hivyo viwili hutangulia kuonekana. Ya wiki nzima ndiyo inayokuja kwa mwendo wa kobe.

Ingia menyu, angalia ishara. Usidanganywe na mstari wa nguvu, tazama wa ubora. Picha ikichubuka kidogo utaendelea kuangalia, lakini kipande cha ratiba kikifika na kasoro kinatupwa. Hapa tuna 71, safi... ngoja. Mnaona? 58. 40! Dogo, hebu chungulia nje. Haya, wingu limeshuka kutoka mlima Loleza na mvua imeanza. Mwezi wa saba, jamani! Tuendelee na saa, itapita.

Saa. Hapa ndipo nataka utulie, shika rimoti vizuri. Satelaiti inatuma saa ya dunia, sisi Tanzania tunaongeza tatu. Ya huyu mama iko sifuri, kwa hiyo mechi ya saa moja usiku inaandikwa 16:00, anawasha saa kumi jioni anakuta mtu anapika. Shuka kwenye "Saa", weka +3. Lakini mstari wa chini yake, huu hapa, ni "Rejesha hali ya kiwandani", ndiyo kuriseti kwenyewe. USIUGUSE. Rimoti zetu zimechoka, unabonyeza chini mara moja inaruka mara mbili. Mimi niliwahi kubonyeza OK huku napiga stori, ikaniuliza namba ya siri, nikaweka 0000 kama kasuku. Chaneli zote za mzee wa watu zikafutika, na alikuwa amezipanga mwenyewe, taarifa ya habari namba moja. Nilikaa kwake mpaka usiku narudisha. Kwa hiyo soma jina la mstari kwanza, ndipo OK. Soma, halafu OK. Narudia: soma!

Tayari, +3. Mvua imepungua, ubora 66. Sasa kaa kwenye chaneli moja, bonyeza EPG, subiri. Chaneli husafiri kwa makundi, kila kundi na masafa yake, na ving'amuzi vingine hupokea ratiba ya kundi ulilofungua tu. Kwa hiyo chaneli za habari zikijaa na za michezo zikabaki tupu, nenda ukae kwenye chaneli ya michezo dakika chache. Hii inajaa, leo, kesho, keshoku...

Dogo! Umechomoa nini? Simu yako ndiyo ikufanye uchomoe king'amuzi cha watu?

Haya. Nimechomeka. Bonyeza EPG: tupu tena. Ving'amuzi vingi huweka ratiba kwenye kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika inapotea, kinaanza kuokota upya. Kwa hiyo usiku zima kwa rimoti, acha taa nyekundu iwake, usizime swichi ya ukutani. Najua mnaogopa luku, lakini kama kuna radi juu ya bati, hapo chomoa kila kitu, ratiba itarudi.

Tunasubiri... sasa na kinachofuata zimekuja. Leo imejaa. Mama Uyole, ndaga fijo kwa uvumilivu, njoo uchukue mzigo wako. Na rimoti hii vitufe vimekwisha, nimekuwekea nyingine pembeni, tutaelewana bei.