Zipoli si "Padre", na nota zake ni za bure

Haya jamani, swali ni lile lile kila wiki: "Huyo Padre Zipoli unayempigia debe ni nani, na nota zake tunazipataje?" Najua kuna watakaosema naringa na vitu vya Italia, na watakaosema nalalamika. Semeni tu.

Kwanza, upadre hakuupata. Domenico Zipoli, mtunzi wa muziki, alizaliwa Prato, Italia, mwaka 1688, akasomeshwa muziki kwa msaada wa Cosimo III, mtawala wa Toscana. Mwaka 1715 alikuwa mpiga ogani wa kanisa la Gesù, Roma. Kazi nzuri, sivyo? Akaiacha. Mwaka 1716 alijiunga na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, kule Sevilla, Hispania, na Aprili 1717 akapanda meli Cádiz kwenda Amerika ya Kusini. Alisoma Córdoba, Ajentina ya leo, akamaliza teolojia mwaka 1724. Kilichobaki ni askofu wa kumpa daraja la upadre, na askofu hakuwepo. Akasubiri mpaka kifua kikuu kikamwua, tarehe 2 Januari 1726. Ukishahangaikia kibali cha kuishi huku ugenini, ukaambiwa kila siku "mwenye kusaini hayupo", hilo huhitaji kuelezwa.

Sasa nota. Kitabu chake cha ogani na cembalo (kinanda cha kale cha nyuzi) kilichapwa 1716, hakina mwenye hakimiliki tena. Kipo IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, pakua. Anayekuuzia picha za chapa ile amekupiga. Toleo jipya lililohaririwa ni jambo lingine, hapo unalipia jasho la mtu.

Wapiga vinanda wa kwaya, anzeni na zile versi, vipande vifupi vya ogani vya kupokezana na waimbaji. Msizipige mfululizo: kinanda kinapiga moja, waimbaji wanaitikia ubeti, kinanda tena. Ndivyo zilivyokusudiwa.

"All'Elevazione" ya F, kipande cha wakati wa kuinua Hostia, ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtu anafungulia ogani nzima, na mdundo wa kibodi umesahaulika umewashwa! Waitalia walitumia voce umana, yaani mabomba mawili ya nota moja, la pili limepishwa kidogo sauti itikisike polepole. Kwenye kibodi chagua principal (sauti ya msingi ya ogani) laini, peke yake.

"Pastorale" ina nota za besi zinazoshikiliwa muda mrefu. Kama huna pedali za ogani, mwombe mwenzako akushikilie hiyo nota. Usikanyage pedali ya kurefusha sauti, maana itarefusha na za juu, na akodi zitarundikana.

Hayo ni mazoea yangu. Parokia yenu ina utaratibu wake, mwalimu wa kwaya ndiye mwenye neno.

Na mnaoulizia Misa yake ya F: imetufikia kwa nakala iliyoandikwa Potosí mwaka 1784, ikaonekana Sucre mwaka 1959. Inataka soprano, alto, tena, violini mbili na ogani. Besi haimo, kwa hiyo wale kaka wa mstari wa nyuma waambieni mapema, kabla hamjagawa nakala.