Moto wa Montreux: Habari Iliyogeuka Wimbo

Mabibi na mabwana, nianze na swali nililoulizwa pale mlangoni: eti "Smoke on the Water" ya Deep Purple ni wimbo wa bangi? Hapana. Lakini muulizaji asione haya, maana hata ndani ya bendi yenyewe jina hilo, lililomjia mpiga besi Roger Glover alipozinduka usingizini, lilidhaniwa kuwa na harufu hiyo. Moshi huo ni moshi kweli, na maji ni Ziwa Geneva, Uswisi.

Desemba 1971 Deep Purple, Waingereza watano, walikuwa Montreux kurekodi albamu. Walikodi lori la bendi ya Rolling Stones lenye mitambo ya studio, wakisubiri Kasino ya mji ule ifunge msimu wa maonyesho ili waingie kazini. Onyesho la mwisho lilikuwa la mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa, tarehe 4. Likiendelea, mtu mmoja ukumbini akafyatua bastola ya fataki kuelekea darini, na dari ikashika moto. Zappa akawasihi watu watoke kwa utulivu. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, akawa anakimbia huku na huku kuwatoa vijana. Hakuna aliyekufa, ila jengo liliteketea pamoja na vyombo vya Zappa na wenzake. Deep Purple wakautazama moshi ukitanda ziwani.

Maneno ya wimbo ni hayo tu. Nobs yumo, Zappa yumo, lori limo, na yule wa bastola kaitwa mjinga bila kutafutiwa jina. Wanaosaka fumbo humo wanajisumbua. Ian Gillan anaimba kama mtu anayetoa ripoti kituo cha polisi.

Polisi wenyewe nao walikuja baadaye. Bendi ilihamia ukumbi wa Pavilion, ikawa inarekodi usiku kile kipande cha gitaa ambacho kila anayejifunza gitaa hukivamia kwanza. Ritchie Blackmore hakipigi kwa kile kidude cha plastiki cha kupigia nyuzi; anazidonoa nyuzi mbili kwa vidole. Jon Lord anakiongezea uzito kwa kinanda cha Hammond kilichopitishwa kwenye amplifaya ya gitaa, ndiyo maana kinakwaruza. Majirani walikosa usingizi, wakalalamika. Polisi wakagonga, mafundi wa bendi wakaishikilia milango mpaka muziki ukaisha. Kazi iliyobaki ikafanyika Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi.

Albamu, Machine Head, ilitoka Machi 1972. Wenyewe hawakuutegemea wimbo huu; walitanguliza mwingine. Ulipotolewa peke yake Marekani mwaka 1973, ukafika nafasi ya 4 kwenye chati ya huko.

Mimi naupenda, ila nina neno nao. Huu ni moto uliosimuliwa na walioupoteza ukumbi wa kukodi tu. Aliyeunguliwa na vyombo alikuwa Zappa, na siku 6 baada ya moto, jukwaani London, mtazamaji mmoja alimsukuma akaanguka kwenye shimo la wapiga muziki lililo mbele ya jukwaa. Alivunjika mguu, akakaa miezi kwenye kiti cha magurudumu. Wimbo wa Montreux ukitungwa na yeye, sidhani kama tungekuwa tunaupigia makofi kwa furaha namna hii.